Barnaba na Mtoto Aliyeshindikana

Somo: Matendo ya Mitume 9:26-28 na 15:36-40

 

Leo twaanza na jambo ambalo huenda wengine wenu wataliona geni katika mazungumzo ya kanisa, nalo ni sinema. Iko aina moja ya sinema ambayo watu wengi huipenda, wazee kwa vijana, nayo ni sinema ya mwalimu. Kwa kawaida huwa hivi: mwalimu mgeni anafika katika shule iliyo kwenye mtaa wa shida, ndani ya jiji kubwa la Marekani au Uingereza. Madirisha yamevunjwa na kuta zimejaa matusi. Walimu wa zamani wamekwisha kukata tamaa, nao wamwambia mgeni asijisumbue, kwa kuwa watoto hawa hawafundishiki. Siku ya kwanza wanamzomea. Siku ya pili wanamtupia vitu. Lakini yeye hakimbii. Anatafuta njia ya kuufikia moyo wao, na kabla sinema haijaisha, wale waliozomea wanalia kwa sababu mwalimu wao anataka kuondoka.

Sinema kama hizi zimetengenezwa kwa miaka mingi. Mwaka 1955 ilitoka moja iitwayo Blackboard Jungle, na ndani yake kijana Sidney Poitier aliigiza mwanafunzi mkaidi. Miaka 12 baadaye, mwaka 1967, Poitier huyo huyo akawa mwalimu katika sinema ya To Sir, with Love. Tangu hapo zimefuata nyingine nyingi, na hata leo watu huzitazama nyumbani kwenye runinga na kwenye simu zao.

Basi, twauliza: kwa nini machozi hututoka tunapozitazama? Twaamini ni kwa sababu kila mmoja wetu anajua maana ya kuhesabiwa kuwa si kitu, na kila mmoja anatamani atokee mtu wa kusema, “Huyu ni wangu, nitasimama naye.” Na Maandiko Matakatifu yatuonyesha mtu wa namna hiyo. Jina lake ni Barnaba.

Mnakumbuka habari zake. Sauli wa Tarso, aliyekuwa akilitesa kanisa, ameokoka na kufika Yerusalemu. Anataka kujiunga na wanafunzi, lakini wote wanamwogopa. Hawaamini kwamba mtu kama yule aweza kubadilika. Ndipo Barnaba anamchukua, anampeleka kwa mitume, na kuwaeleza jinsi alivyomwona Bwana njiani. Angalieni sana neno hilo: alimchukua. Hakungoja Sauli athibitishwe kwanza na watu wengine. Alikubali kuliweka jina lake mwenyewe rehani kwa ajili ya mtu aliyeshukiwa na wote.

Tukiwa na Barnaba mbele yetu, na tuzitazame tena baadhi ya sinema hizo, maana nyingi zimetokana na habari za watu walioishi kweli. Tutaona mahali zinaposema kweli, na mahali zinapotuficha jambo.

Tuanze na To Sir, with Love. Sinema hii ilitoka katika kitabu kilichoandikwa na E. R. Braithwaite mwaka 1959. Mtu huyu alizaliwa Guyana mwaka 1912. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumika katika jeshi la anga la Uingereza, na baada ya vita akasoma fizikia katika chuo kikuu cha Cambridge. Lakini alipotafuta kazi ya uhandisi, milango ilifungwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Ndipo akaingia kufundisha katika mtaa wa maskini mashariki ya London, mahali palipobomolewa sana na mabomu ya vita. Hakwenda kwa wito mtakatifu, bali kwa sababu alihitaji kula.

Katika sinema, mwalimu huyo anaona vitabu havifai kitu mbele ya watoto wale, anavitupa kando, na kuwaambia kwamba tangu siku hiyo atawahesabu kuwa watu wazima. Wasichana wataitwa kwa heshima, na wavulana vilevile, nao watamheshimu mwalimu wao. Watoto wanashangaa. Hakuna mtu aliyewahi kuwaheshimu. Kisha linatokea jambo zito. Mama wa mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ni mtu mweusi, anakufa. Darasa linachanga pesa za shada la maua, lakini hakuna aliye tayari kulipeleka nyumbani kwa wafiwa, kwa kuogopa maneno ya watu wa mtaa. Mwalimu anaumia moyoni, maana anaona kazi yake yote imekuwa bure. Lakini siku ya maziko, anapofika, anawakuta wanafunzi wake wamekwisha kusimama pale. Wapendwa, hilo ndilo somo waliloelewa. Hesabu zao huenda walizisahau, lakini walijua kwenda msibani.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sinema yalipitia juu juu. Shule ile haikuanza kubadilika siku Braithwaite alipoingia mlangoni. Ilikuwa na mwalimu mkuu, jina lake Alex Bloom, aliyeifungua mwaka 1945, mwaka ule ule vita vilipokwisha. Huyu alikataza watoto kupigwa viboko, wakati ambapo karibu kila shule ilipiga. Aliwapa watoto nafasi ya kuandika kila juma maoni yao juu ya masomo yao na walimu wao. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1955. Braithwaite aliingia katika shamba ambalo mwingine alikuwa amekwisha kulilima. Ni jambo lile lile Mtume Paulo alilowakumbusha Wakorintho: mmoja hupanda, mwingine hutia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Sinema yapenda shujaa mmoja. Mungu apenda wakulima wengi.

Twende sasa Los Angeles, Marekani, kwa mwalimu mwingine. Jaime Escalante alizaliwa Bolivia mwaka 1930, na huko alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Alipohamia Marekani, elimu yake haikutambuliwa. Alifagia na kusafisha katika hoteli ya kula, akajifunza Kiingereza usiku, akarudi chuoni tangu mwanzo. Mwaka 1974 alianza kufundisha katika shule ya Garfield, kwenye mtaa wa watu wenye asili ya Meksiko, wengi wao maskini. Habari zake zilionyeshwa katika sinema ya Stand and Deliver mwaka 1988, na mwigizaji Edward James Olmos. Humo twamwona akiingia darasani amevaa kama mpishi, akikata matofaa kwa kisu kikubwa cha bucha, ili watoto waelewe sehemu za hesabu kwa macho yao.

Escalante aliazimia kuwafundisha watoto wale kalkulasi, hesabu ngumu ambayo watu walidhani ni ya watoto wa matajiri. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa nchi nzima wa somo hilo. Lakini badala ya pongezi ikaja shaka. Wasahihishaji walisema kwamba 14 kati yao walifanana mno katika majibu yao, hata katika makosa. Wakatakiwa kurudia mtihani. Watoto 12 walikubali kurudia, na wote 12 wakafaulu.

Ndugu zangu, na tusimame hapo kidogo. Je, kama watoto wale wangetoka katika mtaa wa wakubwa, wangeshukiwa namna ile? Mwalimu wao aliuliza hivyo, na wengi wameuliza hivyo tangu siku zile. Mtoto wa maskini akianguka, watu husema, “Tulijua.” Akifaulu, husema, “Ameiba.” Atashika wapi? Hapo ndipo anapomhitaji Barnaba, mtu wa kumchukua mbele ya wakuu na kusema, “Namfahamu huyu. Nilikuwa naye asubuhi kabla ya kengele, na jioni wengine walipokwenda nyumbani. Nimeiona kazi yake.” Lakini ili mtu aweze kusema hivyo, ni lazima awe amekaa na mtoto kweli kweli. Ushuhuda wa Barnaba ulikuwa na nguvu kwa sababu alikuwa amemsikiliza Sauli.

Na hapa tena sinema imefupisha. Mtazamaji atadhani kwamba mwalimu aliingia na katika mwaka mmoja au miwili watoto wasiojua sehemu wakawa mabingwa wa kalkulasi. Haikuwa hivyo. Escalante alifundisha miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kufungua darasa hilo. Mwaka 1979 wanafunzi waliofika mwisho wa darasa lake la kwanza la kalkulasi walikuwa 5 tu. Alikuwa na mwenzake, mwalimu Ben Jimenez, na mwalimu mkuu, Henry Gradillas, aliyemwunga mkono. Walijenga msingi katika madarasa ya chini, mwaka baada ya mwaka. Bwana wetu alisema katika Injili ya Marko kwamba ufalme wa Mungu ni kama mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, na mbegu ikamea asivyojua yeye. Kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu. Hakuna suke linaloota kwa saa mbili za sinema.

Tunawaambia haya kwa sababu wako walimu wanaotusikiliza leo ambao wamechoka. Mwalimu mpendwa, labda umefundisha miaka mitatu au minne, na darasani kwako hakuna muujiza. Labda wanaokuelewa ni 5 tu. Usijipime kwa sinema. Hata yule ambaye sinema ilimtukuza alianza na 5.

Sasa tuitazame sinema ya tatu, nayo ni chungu zaidi. Yaitwa Lean on Me, ya mwaka 1989, na Morgan Freeman ndiye aliyeigiza. Yaeleza habari za Joe Clark, mwalimu mkuu wa shule ya Eastside huko Paterson, jimbo la New Jersey. Shule ilikuwa imejaa dawa za kulevya na vita. Clark alitembea ndani yake akiwa na kipaza sauti na rungu la mchezo wa besiboli, na kwa siku moja aliwafukuza wanafunzi wapatao 300. Wazazi wengi walimsifu. Watoto waliotaka kusoma waliweza kutembea bila hofu, na jambo hilo si dogo. Wengine walimlaumu, wakauliza: hao 300 wamekwenda wapi?

Sinema yenyewe yamfuata mmoja tu kati ya hao. Mvulana anarudi akilia, anaomba apewe nafasi tena. Clark anampandisha juu ya paa la shule, anamkemea kwa maneno makali, kisha anamkubali. Sisi watazamaji twafurahi kwa ajili ya huyo mmoja. Lakini wale wengine walirudi mitaani, na kamera haikuwafuata.

Hatutaki kumhukumu mtu aliyebeba mzigo mzito. Mwenye kulinda kundi lazima awalinde kondoo na mbwa mwitu, na mtoto mwenye kisu hawezi kuachwa darasani awatishe wenzake. Lakini swali lile latuhusu sisi wa kanisa, kwa maana Biblia inalo. Katika sura ya 15 ya Matendo, Paulo na Barnaba wanajiandaa kwa safari ya pili. Barnaba anataka wamchukue Yohana aitwaye Marko. Paulo anakataa kabisa, kwa kuwa Marko aliwaacha huko Pamfilia na hakwenda nao kazini. Na Paulo alikuwa na sababu. Kazi ilikuwa ya hatari, na mtu anayekimbia aweza kuwaangamiza wenzake. Wakashindana hata wakatengana. Paulo akamchukua Sila akaenda zake. Barnaba akamchukua Marko, wakatweka kwenda Kipro.

Tangu hapo kitabu cha Matendo chamfuata Paulo. Habari za Barnaba zakoma. Hatuambiwi alimfundisha Marko nini, wala kwa miaka mingapi, wala alivumilia nini. Lakini geuzeni kurasa mpaka Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo ni mzee, yumo kifungoni, na kifo ki karibu. Anamwagiza Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Marko yule yule! Aliyefukuzwa amekuwa anayeitwa. Na mapokeo ya kanisa la kale yasema kwamba ndiye aliyeiandika Injili tunayoisoma kwa jina lake. Fikirini, wapendwa: kama kusingekuwa na mtu wa kumchukua siku ile alipokataliwa, tungepungukiwa na nini?

Basi kila shule itakuwa na Paulo wake, anayesema, “Huyu hawezi kwenda nasi.” Pengine atakuwa na haki. Lakini swali la Mungu ni hili: Barnaba yuko wapi? Nani anasimama nje ya lango mtoto anapotolewa na sanduku lake la bati?

Jambo la mwisho, nalo ni gharama. Mwaka 2007 ilitoka sinema ya Freedom Writers, juu ya mwalimu kijana, Erin Gruwell, wa shule ya Wilson, Long Beach, California. Katika miaka ya 1990 aliwapa wanafunzi wake waliogawanyika kwa rangi na kwa magenge madaftari ya kuandika maisha yao, akawasomesha shajara ya Anne Frank, yule binti Myahudi aliyefichwa na hatimaye akafa katika kambi ya Wanazi. Maandishi yao yakawa kitabu mwaka 1999. Bibi Miep Gies, mmoja wa wale waliomsaidia Anne na jamaa yake mafichoni, alikuja kutoka Uholanzi kuwatembelea. Watoto walipomwita shujaa alikataa, akisema kwamba alifanya tu lililopasa kufanywa. Lakini sinema haifichi kwamba ndoa ya mwalimu yule ilivunjika katika miaka hiyo.

Hapo twataka kanisa lisikie. Ni rahisi kumpigia makofi mwalimu anayejichoma kama mshumaa. Ni afadhali tumpelekee mafuta. Mungu hakumwita mwalimu awe mwokozi wa watoto. Mwokozi ni mmoja, naye amekwisha kusulubiwa na kufufuka. Barnaba mwenyewe, alipoiona kazi ya Antiokia imekuwa kubwa, hakusema, “Nitaiweza peke yangu.” Alikwenda Tarso akamtafuta Sauli, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Tufanye nini basi? Twapendekeza mambo matatu, nayo ni madogo.

Kwanza, makanisa mengi ya nchi yetu ni wafadhili wa shule, na jina la kanisa limeandikwa langoni. Isiwe twafika siku ya maombi ya mtihani tu, au siku bweni limechomwa. Wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika waende siku ya kawaida, wawaulize walimu, “Mzigo wenu ni upi?” kisha wasikilize.

Pili, katika kila ushirika yupo mtoto aliyefukuzwa au aliyeacha shule. Twamjua jina. Twampita pale stendi ya matatu, na wazazi wake hukaa kiti cha nyuma kwa aibu. Mtu mmoja amchukue. Si kumhubiria siku ya kwanza, bali kukaa naye, kumsikiliza, na kwenda pamoja naye kwa mwalimu mkuu kuomba nafasi. Mwalimu mkuu akiuliza, “Nani atasimama naye?” awepo mtu wa kujibu.

Tatu, yuko mwalimu aliyewahi kutuchukua sisi. Kama angali hai, tumtafute. Jaime Escalante alipougua kansa, mwaka 2010, wanafunzi wake wa zamani, pamoja na yule mwigizaji Olmos, walichanga pesa za kusaidia matibabu yake. Alikufa mwezi wa Machi mwaka huo huo. Pesa hazikumponya, lakini alijua kwamba hawakumsahau. Usingoje kutoa hotuba kaburini.

Wapendwa, sinema huisha na taa zikawashwa. Lakini mtoto yule wa mtaani kwenu bado yuko pale, na kesho asubuhi kengele italia tena. Yesu Kristo alituchukua tulipokuwa hatufai kitu, akatuleta kwa Baba, akasema, “Hawa ni wangu.” Aliyechukuliwa namna hiyo hawezi kumpita mwenzake njiani.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa Mwanao Yesu Kristo, Mwalimu mwema. Twakuomba uwatie nguvu walimu wote, hasa walio katika shule ngumu, ambao leo wamechoka. Wape wenzao wa kubeba mzigo pamoja nao. Wakumbuke watoto waliofungiwa milango, nao wasipotee mbele za macho yako. Uwainue akina Barnaba katika kila kanisa, na utupe sisi macho ya kuwaona waliosimama nje ya lango. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote mpaka tutakapokutana tena.